Livu ya Baba Yake Mama

Kwetu Unguja, mzungu wa serikali akimaliza muda wake wa kazi alikwenda livu. Alipanda meli, akakaa kwao miezi kadhaa, akarudi amenenepa kidogo na kazi ikaendelea. Baba yake mama yangu alikwenda livu mama akiwa na miaka minne, na hakurudi. Hiyo ndiyo hadithi yote tuliyopewa sisi watoto, na ilitutosha. Mama haikumtosha hata siku moja.

Mzungu mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, mtu wa Ayalandi, na ilisemekana ukitaka kumuudhi umwite Mwingereza. Alisilimu, akapewa jina la Kiislamu, akamwoa bibi yangu mbele ya kadhi. Cheti chao cha ndoa tunacho mpaka leo. Maandishi yote ni ya Kiarabu isipokuwa mstari mmoja chini kabisa, ambapo bwana harusi aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za kwao, jina lake la kuzaliwa na mji aliotoka. Nadhani kadhi alimuuliza yeye ni mtu wa wapi, kama anavyoulizwa kila anayekuja kuoa, naye akaona bora ajibu kwa maandishi.

Miezi michache baada ya meli kuondoka, bibi alishikwa na homa akafa. Mama akachukuliwa na mjomba wake, kaka wa bibi, ambaye yeye na mkewe hawakujaaliwa mtoto. Mjomba ndiye aliyemsomesha Kurani, aliyemshonea nguo za sikukuu, aliyemwoza kwa baba yangu. Miaka ya sabini tulipohamia Muscat alikuja pamoja nasi, na ilipofika zamu ya mama kupata karatasi, fomu ikauliza jina la baba na kabila. Mjomba akasema mwandikeni binti yangu. Hakuna aliyebisha. Kwa hivyo kwenye pasipoti mama ni binti wa mjomba wake, na mjomba akafariki hapa hapa Muscat miaka ya themanini akihesabika kuwa babu yetu. Mimi mwenyewe nilimwita babu, na ndiye aliyenishika kidole nikasoma alifu.

Lakini mama alikuwa na swali lake, na hakuwa akilificha. "Mjomba kanilea, Mungu amlipe," alikuwa akisema. "Lakini nnataka nijue kitu kimoja kabla sijafa. Baba yangu alinikataa, au alizuiliwa?" Alimuuliza kila mtu aliyewahi kufanya kazi na wazungu Unguja. Alimuuliza mganga wa meno wa Kihindi. Mara moja alimuuliza nesi wa Kizungu hospitalini, aliyekuwa akimpima sukari, na yule maskini akadhani bibi mzee amepotewa na baba yake mchana ule.

Katikati ya miaka ya tisini binti yangu mkubwa alipata nafasi ya kusoma udaktari Ayalandi. Watoto wengi wa hapa wamekwenda kusoma huko, si jambo la ajabu, ila kwetu lilikuwa na uzito wake. Nilimpa mama habari huku nikichambua mchele, nikitazama chini kusudi.

"Ayalandi ipi?" akauliza.

"Ipo moja tu, mama."

Akafikiri. "Basi siku ya kumaliza mtoto na mimi nitakwenda. Na baba yangu umtafute kabla sijapanda ndege. Siendi kwenye mji wa watu bila ya kubisha hodi."

Nikasema inshaallah, ile inshaallah yetu ya kumaliza mazungumzo. Nilidhani atasahau. Masomo ya udaktari ni marefu na mama alikuwa na sukari na magoti mabovu, na mimi nilikuwa na watoto wengine watatu, kazi ya wizarani Al Khuwair, na nyumba tunayoijenga Mabela ambayo kila wiki ilitaka saruji. Miaka ikaenda. Nyumba ikaisha, mama akahamia kwetu, akapewa chumba cha chini kwa ajili ya magoti. Na mwaka wa mwisho wa binti yangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikirudi kazini nimechoka na foleni, nikakuta mama amekaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Umefikia wapi?" akaniuliza.

"Na nini?"

"Na baba yangu."

Kuanzia siku hiyo aliniuliza kila siku, kama anayedai funguo zake. Nikiingia, kabla sijavua baibui: umefikia wapi? Nilikasirika, nikamwambia mama mimi si polisi. Akajibu kwamba polisi wangelikuwa wameshampata. Na hapo, kwa hasira zaidi kuliko huruma, niliapa moyoni kwamba nitampata yule mtu, awe chini ya ardhi au juu yake.

Nikaanza na kompyuta. Wakati ule intaneti ya nyumbani ilikuwa ya kupiga simu, ukiingia wewe hakuna mwengine anayeweza kuzungumza, na mume wangu alilalamika kwamba ndugu zake wote wanadhani tumewakatia undugu. Kulikuwa na kurasa chungu nzima za watu wanaotafuta mababu zao wa Ayalandi. Wengi walikuwa Wamarekani. Waliniandikia kwa bashasha kubwa, wakaniuliza kama na mimi nna nywele nyekundu, wakanitumia majina ya mababu zao mpaka karne nne nyuma. Jina la ukoo wa babu yangu lilikuwa la watu maelfu. Mume wangu akaanza kuniita binti mfalme wa Ayalandi, na akawaambia wanangu kwamba sasa wanajua hasira za mama yao zimetoka wapi.

Baada ya miezi mitatu sikuwa na chochote, ila nilijua ramani. Mji ule ulioandikwa kwenye cheti upo, mdogo, magharibi kabisa. Na hapo ndipo akili yangu ya ofisini ilipoamka.

Sisi mtu akitaka kuthibitisha yeye ni nani, haendi kwenye kompyuta. Anakwenda kwa sheikh wa kabila lake. Sheikh anamjua baba yake na babu yake, au anamjua anayemjua, na akitia muhuri maneno yamekwisha. Kila kabila lina mji wake na kila mji una mwenye kuulizwa. Ndivyo baba yangu alivyopata karatasi zake, na ndivyo nilivyoona karatasi za watu zikipita mezani kwangu kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Nikajiambia wazungu nao ni watu, hawawezi kukosa mwenye kuulizwa.

Nikampigia simu binti yangu kumwambia. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Mama, hapa hakuna sheikh wa kabila. Nisubiri nimalize mitihani, nitakwenda mwenyewe. Ni safari ya basi tu."

"Mitihani yako lini?"

"Miezi miwili."

"Bibi yako ananiuliza kila siku," nikamwambia, na nikakata simu.

Methali zetu zinamuonya asiyesikia la mkuu. Sijaiona bado ya mkuu asiyesikia la mtoto, nayo ndiyo iliyokuwa ikinihusu.

Niliandika barua kwa Kiingereza changu bora cha wizarani. Niliielekeza kwa Mkuu wa Ukoo, nikataja jina la ukoo, na mji, na nchi. Nikaanza na salamu na heshima. Nikaeleza kwamba fulani, mtu wa ukoo wenu, alifunga ndoa halali Unguja akazaa mtoto wa kike, na mtoto huyo, jina lake hili, sasa ni bibi mzee na yuko hai, na anaomba ukoo umtambue na umjulishe habari za baba yake kabla ya kuwasili kwake mwezi wa saba. Nikaambatanisha nakala ya pasipoti ya mama, na picha zake nne ndogo. Cheti cha ndoa sikukipeleka chenyewe. Nilipeleka tafsiri, imepigwa chapa safi na ina muhuri wa mfasiri, kwa sababu kwetu ofisini tafsiri yenye muhuri ndiyo yenye nguvu na lile karatasi kuukuu hurudishwa kwa mwenyewe. Nilijiona hodari. Nilipeleka bahasha posta kwa mkono wangu.

Wiki tatu baadaye binti yangu akapiga simu saa ya kazi, jambo asilolifanya kamwe. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwenzake mmoja wa darasani ana shangazi anayeishi jirani na mji ule, na habari ilikuwa imeshafika mpaka chuoni. Watu wa posta kule walipoikosa ofisi ya mkuu wa ukoo waliona mkubwa wao wote ni padri, wakampelekea. Padri mwenyewe alikuwa kijana, mgeni, ana miezi miwili tu pale. Akaona barua ya heshima kutoka mbali, ina muhuri, inautafuta ukoo. Jumapili baada ya ibada akasimama akaisoma mbele ya watu wote, tangu salamu mpaka mwisho, akauliza kama kuna anayejua lolote.

"Mama, watu wote wakageuka wakamtazama bibi mmoja," binti yangu akasema. "Bibi yule akainuka akatoka."

"Nani huyo?"

"Mtoto wa yule babu unayemtafuta. Ana mtoto wa kike pale. Dada yake bibi yangu."

Katika miezi yote ile nilimtafuta mwanamume mmoja. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu akiendelea kuishi huzaa wengine, na kwamba kuna mtu ningemvua nguo mbele ya mji wake. Niliona haya, haya ya kweli, ile ya kutotaka kuinua uso hata mbele ya mfanyakazi anayeleta chai.

Barua yake ikaja baada ya siku kumi, kwenye sanduku langu la posta. Ilikuwa fupi. Dada yangu alifariki Afrika akiwa na miaka minne, iliandikwa. Tumemwombea maisha yetu yote. Sijui nyinyi ni nani wala mnataka nini kwangu. Karatasi yenu wenyewe inasema bibi huyo ni binti wa mtu mwingine. Msiniandikie tena, na msije.

Nilimfasiria mama yote. Nilitaka kuruka lile la mwisho, lakini mama alikuwa akinitazama mdomoni, na mtu aliyengoja kiasi kile hujua unaporuka.

"Kumbe nimeshazikwa," akasema.

"Mama, nisamehe. Nimeharibu."

"Umeharibu, ndiyo." Mama hakuwa mtu wa kupamba. "Lakini sikiza. Maiti hazikwi bila ya mtu kupeleka habari. Baba yangu kaambiwa nimekufa, au kawaambia wenziwe nimekufa. Moja katika hayo. Nnataka kujua lipi."

Nikasema basi nitamwandikia tena, nitamweleza habari ya pasipoti, nitatia ushahidi. Mama akainua mkono.

"Wewe na barua zako, basi. Mtoto atakwenda, kama alivyosema tangu mwanzo."

Binti yangu alimaliza mitihani Ijumaa na Jumamosi akapanda basi. Nilikuwa nimemtumia nakala ya cheti chenyewe, kile kikuukuu, kwa njia ya faksi, na nilimkataza asizungumze sana. Alinisimulia baadaye, na amenisimulia mara nyingi kwa sababu huwa namlazimisha. Alibisha hodi kwenye nyumba iliyo na ua wa mawe, mvua inanyesha, mtandio umelowa. Bibi alifungua nusu ya mlango. Binti yangu hakusema yeye ni nani. Alisema tu, "Samahani, naomba utazame mstari huu wa chini," akampa karatasi.

Bibi akavaa miwani. Akautazama ule mstari mmoja, jina na mji, kwa muda mrefu. Kisha akashika ubao wa mlango.

"Huu ni mkono wa baba yangu," akasema.

Akamwingiza jikoni. Akamuuliza mara mbili kama yule bibi kweli yu hai, na mara ya tatu akauliza, "Yuko hai sasa hivi? Yuko wapi sasa hivi?" Binti yangu akatazama saa, akahesabu, akamwambia saa hizi ameshasali, yuko jikoni kwa mama yangu anamsema mpishi. Yule bibi akaanza kulia.

Jumatatu asubuhi mashine ya faksi ya ofisini kwetu ikalia. Nilikuwa nimesimama pale tangu nifike, nikiwafukuza wenzangu waliotaka kuitumia. Ikatoka kwanza karatasi ya binti yangu, imejaa mwandiko wake wa kidaktari, kisha ikatoka nakala ya barua ya zamani, pole pole, mstari baada ya mstari.

Binti yangu aliandika hivi. Babu alikwenda livu kwa nia ya kurudi kumchukua mkewe na mtoto. Alikuwa ameshapata kazi kwao na ameshatia rangi chumba cha mtoto, na alimwandikia shemeji yake Unguja kumwarifu kwamba anakuja kuwachukua. Ikamjia barua kwamba wote wawili wamekufa. Hakurudi tena Afrika. Alioa baada ya miaka minane, akapata huyu binti mmoja. Na kwao huko, kila Novemba, familia huandika majina ya maiti wao wakayapeleka kanisani yaombewe. Kila Novemba babu aliandika jina la bibi yangu na jina la mama. Alipokufa, binti yake akaendelea kuyaandika. Jina la mama yangu, jina la Kiislamu tupu, lilikuwa likisomwa na mapadri kwenye kanisa lile kwa miaka karibu sabini, na hakuna mtu wa mji ule asiyelijua. Ndiyo maana watu waligeuka. Yule bibi hakukasirika kwa sababu tumemfichua baba yake. Alikasirika kwa sababu aliona wageni wanajifanya dada yake aliyekufa.

Halafu ile barua ya zamani. Ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa na karani wa kuandikia watu barua, kwa mwandiko wa kupendeza. Kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba mkeo na binti yako wamefariki kwa homa, mmoja baada ya mwenzake, na wamezikwa pamoja. Usijisumbue tena na safari. Na chini, kwa herufi za Kiarabu, saini ya mjomba wa mama yangu. Sikuhitaji kuambiwa. Mwandiko ule ndio niliouiga nilipokuwa najifunza kuandika.

Nusu ya barua ilikuwa kweli, bibi alikuwa amekufa. Mtoto aliongezwa.

Nilikunja karatasi nikazitia mkobani, na mama aliponiuliza jioni ile nimefikia wapi, nilimwambia faksi imeharibika. Siku ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Nilimchukia yule mzee siku hizo, nikamchukia na nikamlilia kwa pamoja, kwa sababu nilimwelewa kabisa. Hana mtoto, dada yake amekufa, na mzungu anakuja na meli kumchukua mtoto aliyebaki, ampeleke kwenye baridi wakamlee makanisani. Aliogopa. Akamlipa karani, akatia saini, akarudi nyumbani akamsomesha yule mtoto alifu. Ningefanyaje kumwambia mama? Umri ule, sukari ile, nimwondolee mtu aliyemlea?

Siku ya tatu nikamwonesha mume wangu. Alisoma yote, akanirudishia.

"Mama yako ana swali moja maisha yake yote," akasema, safari hii bila mzaha. "Na jibu lake limo mkobani mwako. Unalificha kwa nini?"

"Kwa kumhurumia."

"Na yule mzee alificha kwa nini?"

Nilikwenda chumbani nikachukua mkoba.

Mama alikuwa jikoni anakata ndimu za achari, sinia imejaa, mikono yake ina chumvi. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamsomea barua ya binti yangu yote, nikaisoma pole pole, mpaka lile la chumba kilichotiwa rangi, mpaka majina ya Novemba. Aliposikia jina lake linasomwa kanisani alisema, "Kama khitma yetu," akaendelea kukata. Kisha nikamfasiria ile barua ya zamani, na nilipofika mwisho sikusema ni nani. Nikaigeuza karatasi, nikaiweka juu ya meza mbele yake.

Mama Kiingereza hajui, lakini Kiarabu anasoma. Akafuta mikono kwa kanga. Akainama. Niliona macho yake yakienda kutoka kulia kwenda kushoto, mara moja, yakarudi, yakaenda tena.

"Mjomba," akasema.

Machozi yalimtoka, lakini uso haukubadilika, na hakuyafuta kwa sababu ya chumvi iliyobaki mikononi.

"Basi alizuiliwa," akasema baadaye. "Hakunikataa. Alizuiliwa."

"Ndiyo, mama."

"Na mjomba kafa nami nikimkamua maji mdomoni kwa pamba. Siku arubaini nimekaa naye. Hakunambia." Akavuta sinia karibu yake. "Baba yangu kazikwa wapi?"

"Kanisani kwao. Alirudi kwenye dini yao."

"Hesabu yake ipo kwa Mola wake, si kwangu. Lete kalamu."

Nikaleta kalamu na karatasi. Mama akaanza kusema maneno ya kumwandikia dada yake, huku kisu kimerudi kwenye ndimu.

"Mwandikie kwamba barua hiyo aliyonayo kaiandikisha mjomba wangu, na ni uongo."

Nikaandika.

"Mwandikie kwamba mjomba wangu huyo kanilea. Hajanipiga hata kofi. Akila yeye, na mimi nimekula kwanza. Na jina lililomo kwenye pasipoti yangu ni lake."

Nikasimamisha kalamu. "Mama, hili la pili si lazima. Yule hamjui mjomba. Atakuona unamtetea mtu aliyemuua baba yake kwa huzuni."

"Simtetei."

"Kakunyima baba yako, mama."

"Kaninyima. Na kanilea." Akanitazama, na lile jicho nilikuwa nalijua tangu utotoni. "Yote mawili uyatie. Usinipunguzie hata moja. Nimepunguziwa vya kutosha."

Nikayatia yote mawili. Akanitaka nimsomee tena, nikamsomea, na alihesabu kwa vidole vyake vya chumvi kuhakikisha kwamba sentensi alizosema na sentensi nilizosoma ni sawasawa. Kisha akatua kisu.

"Sasa mwandikie Novemba hii jina langu asilipeleke kanisani. Mwambie nnakuja mwezi wa saba na mjukuu wangu, na dada yangu ndiye atakayenichukua mimi huko. Nnataka nisimame juu ya kaburi la baba yangu nimwambie mwenyewe kuwa sikufa."

Nikaandika hivyo hivyo, kama alivyosema.